Bomba la mvua juu ya sinki la kuogea: pesa iende ukutani kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba ya zamani hapa Shangani, Mtwara. Bafuni kuna sinki kubwa la chuma la kuogea, lenye koki ya kujazia tu. Hakuna anayelijaza, tunaingia humo na ndoo na kopo. Nataka nifunge bomba la mvua juu yake. Fundi mmoja kaniambia ni kazi ya nusu siku, anapandisha bomba ukutani, basi. Mwingine anataka ning'oe sinki lote niweke marumaru chini. Ukuta umepakwa rangi ya mafuta. Tangi letu la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 3. Pia mama mkwe anakuja kukaa nasi na magoti yanamsumbua. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuhamia.

Fundi wa kwanza hakudanganya kuhusu muda. Kupandisha bomba na kufunga kichwa cha mvua ni kazi ya nusu siku kweli. Ila hakukwambia kinachofuata. Sinki la aina hiyo lilitengenezwa kwa mtu anayekaa ndani ya maji: anajaza, anajilaza, anajisugua, anachomoa kizibo. Ukuta hurukiwa na matone machache, tena karibu na ukingo. Hata nyinyi na kopo lenu hamuulowanishi sana. Mkishaanza kuoga kwa maji yatokayo juu, ukuta huohuo utapigwa maji asubuhi na jioni, kuanzia usawa wa kichwa hadi ukingoni. Rangi ya mafuta haiwezi kazi hiyo. Maji hupenya kwenye nyufa ndogo za lipu, tofali la saruji linayanyonya, na hewa yetu ya pwani haina haraka ya kuukausha ukuta uliolowa. Dalili ya kwanza huenda usiione bafuni kabisa. Utaiona chumbani, upande wa pili wa ukuta, rangi ikivimba na kumenyeka nyuma ya kabati.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sinki liache, bomba la mvua funga, lakini pesa iende kwanza ukutani, kisha kwenye nguvu ya maji, na mwisho kabisa kwenye hicho kichwa kinachong'aa dukani.

Lakini kwanza mama mkwe. Pima kwa futi kutoka sakafuni hadi juu ya ukingo wa sinki. Masinki ya chuma ya zamani mara nyingi hufika nusu mita na zaidi. Mtu mwenye magoti mabovu anatakiwa anyanyue mguu mmoja kupita hapo, akiwa amesimama kwa mguu wa pili, kisha akanyage chuma laini chenye sabuni na chenye mwinuko ubavuni. Mkeka wa mpira wenye vinyonyaji unasaidia, na kishikio cha ukutani kinasaidia, ila sitaki nikudanganye kwamba vinatosha. Kama uani kuna choo kingine chenye nafasi ya kuogea, mtengenezee mama huko: sakafu yenye mteremko mdogo, kiti cha plastiki kisichoteleza, bomba la mkono lenye mpira, na kishikio kilichofungwa kwa bolti ndefu zinazoingia ndani ya tofali. Kikiishia kwenye lipu, kitang'oka siku atakapokiegemea. Kama bafu ni hilo moja tu na mama anakuja kukaa moja kwa moja, basi fundi wa pili ndiye mwenye haki. Ng'oa sinki, na mengi ya hapa chini kuhusu ukuta na maji yatakufaa vilevile. Ujue tu kwamba sinki la chuma cha kuyeyushwa linaweza kuzidi kilo 100 likiwa tupu. Tafuta watu wa kutosha, na pima mlango kabla hawajalinyanyua.

Nitaendelea nikichukulia kwamba mama amepata pake.

Ukuta, basi. Mwambie fundi abandue rangi na lipu yote inayolia wazi ukiigonga, kuanzia ukingo wa sinki hadi mita 2 juu ya mahali utakaposimama, pande zote zinazogusana na sinki. Zile tofali zikiwa wazi ndipo mabomba yapite, si baadaye. Lipu mpya ipigwe kwa mchanga wa mto au wa machimbo uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni kataa, hata kama gari liko mlangoni na bei ni nzuri. Chumvi yake huvuta unyevu kutoka hewani na kutoa unga mweupe ukutani miaka na miaka. Lipu ikishakauka inapakwa dawa ya kuzuia maji, ile inayouzwa unga na maji yake ya kuchanganyia, mikono miwili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Kwenye pembe za ukuta na kwenye mstari unaokutana na sinki, dawa izamishiwe utepe wake wa kitambaa, maana pembe ndizo hupasuka kwanza. Mafundi wengi hapa wanaruka hatua hii kwa hoja kwamba marumaru yenyewe hayapitishi maji. Marumaru hayapitishi, ni kweli, ila mistari kati yake inapitisha. Dawa iko pale kwa ajili ya hayo maji yatakayopita.

Marumaru yabandikwe kwa gundi yake iliyopakwa kwa mwiko wa meno, ukuta mzima. Ule mtindo wa kuweka vibonge vitano vya saruji nyuma ya kila kipande huacha mapango, maji yakiingia humo hayatoki. Safu ya chini ya marumaru ishuke ikae juu ya mdomo wa sinki, isiishie nyuma yake. Ukikuta sinki lenu limejitenga na ukuta kwa sentimita mbili tatu, kama yalivyo mengi yenye miguu, pengo hilo lazima lizibwe kwa kujenga kibao cha zege chenye mteremko wa kurudisha maji ndani ya sinki, nacho kipakwe dawa na kubandikwa marumaru. Usikubali lijazwe silikoni tupu.

Sasa kiungo chenyewe cha sinki na ukuta. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, na kosa ni lilelile: fundi anajaza saruji nyeupe. Inapendeza siku ya kukabidhi. Lakini sinki lina maisha yake. Ukisimama ndani linashuka kidogo, likijaa maji linashuka zaidi, likipata maji ya moto linatanuka. Saruji haijui kunyumbuka, inapasuka, na ufa wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba hutauona mpaka umevujisha msimu mzima. Kiungo hicho ni cha silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu. Na iwekwe hivi: safisha na kukausha pengo kabisa, jaza sinki maji hadi karibu na tundu la kupunguzia, lile la juu linalotoa maji yakizidi, ndipo fundi apige silikoni. Maji yaache humo hadi siku ya pili, silikoni ikauke sinki likiwa limeshuka. Ukishayaachia, sinki linapanda kidogo na silikoni inabanwa. Ukifanya kinyume, likiwa tupu, siku ya kwanza ya kulijaza silikoni inavutwa na kuachia ukuta. Kabla ya yote hayo sinki lenyewe liwe limetulia: weka pimamaji juu ya ukingo, tia vipande vya chuma chini ya mguu unaocheza. Sinki linalotikisika halizibiki.

Dirisha nalo, kama liko juu ya sinki kama yalivyo mengi ya nyumba zile. Fremu ya mbao itaoza ikipigwa maji kila siku. Ama ubadilishe iwe ya alumini, ama uhamishie kichwa cha mvua upande wa pili. Kizingiti cha chini kiwe na marumaru yenye mteremko wa kuingia bafuni. Dirisha usilizibe, bafu la Mtwara bila upepo ni shamba la ukungu.

Tukija kwenye nguvu ya maji. Maji ya tangi hayana msukumo mwingine ila urefu wa kushuka, kwa hiyo tufanye hesabu ya nyumba yako. Kitako cha tangi kiko mita 3 kutoka ardhini. Sakafu ya nyumba tuseme imeinuka sentimita 45. Ndani ya sinki unasimama sentimita kama 15 juu ya sakafu. Kichwa cha mvua kinakaa mita 2 juu ya nyayo zako. Jumla ni mita 2 na sentimita 60. Umebakiwa na sentimita 40 za kushuka, basi. Ile koki ya kujazia, iliyo sentimita 70 tu juu ya sakafu, ina mita 1 na sentimita 85. Ndiyo maana koki inamwaga vizuri na watu wanadhani bomba la mvua nalo litakuwa hivyohivyo, kisha wanalaumu kichwa, wanabadilisha cha pili na cha tatu. Tangi likijaa unaongezewa mita moja au zaidi, kwa hiyo kutakuwa na asubuhi za kuoga vizuri na jioni za kudondokewa.

Kwa bomba la mvua la kawaida nisingependa uwe na chini ya mita 1 ya kushuka hata tangi likiwa karibu kuisha, na mita 2 ndiyo raha. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuinua mnara kwa mita moja na nusu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kwa hiyo nguzo zenye nondo, mkanda wa zege juu na msingi uliokaguliwa. Kuongeza tofali juu ya mnara wa zamani ni kutafuta msiba. Ya pili ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ile inayojiwasha yenyewe maji yakianza kutembea. Nayo ina mtego: kama maji ya kawaida yanadondoka tu, swichi yake haisikii mwendo na pampu haiwaki. Ifungwe chini, karibu na tangi, na iwe na bomba la pembeni lenye valvu, umeme ukikatika maji yapite bila kuingia kwenye pampu. Na ivute kutoka kwenye tangi lako. Kuifunga kwenye bomba la MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, moja kwa moja ni kumnyonya jirani, na pale bomba la mtaani lilipopasuka unanyonya na uchafu wa ardhini.

Njia ya tatu ndiyo rahisi, na ndiyo ningeanza nayo: bomba la mkono lenye mpira, linalopanda na kushuka kwenye fimbo ya ukutani. Likishushwa hadi kifuani umepata zaidi ya nusu mita ya ziada bure, maji yanaongezeka palepale. Watoto wanalifikia, sinki linasuuzika, na nywele zinaoshwa bila kulowa mwili mzima. Chagua kichwa kidogo chenye matundu mapana. Vile vikubwa vya duara mpana kama sinia vimetengenezwa kwa maji yenye nguvu.

Mabomba nayo yana neno. Ya PPR, yale ya plastiki ngumu yanayounganishwa kwa joto, ya milimita 20 ndani yana milimita 13 hivi tu, kuta zake ni nene. Kwa maji ya tangi leta milimita 25 hadi ndani ya bafu, na 20 iwe kipande cha mwisho. Kila elbo, yaani kiungo cha kona, inapunguza nguvu ya maji, kwa hiyo fundi asikuzungushie bomba nyumba nzima kwa kukwepa kuchimba ukuta. Kama kuna kipande cha chuma cha zamani kimebaki njiani, kitoe. Kutu ya ndani imeshakifanya kiwe uwazi wa kalamu. Mabomba yakishafungwa na kabla ya lipu, yazibwe ncha na yakae na maji siku nzima. Piga picha ukuta ukiwa wazi. Utaishukuru siku ya kutoboa tundu la kioo.

Koki utakayonunua iwe na kigeuzi cha kuzungusha kwa mkono, cha kupeleka maji chini au juu. Ile ya kuvuta kitufe juu inashikiliwa na msukumo wa maji wenyewe. Kwa maji ya tangi kitufe kinaanguka katikati ya sabuni. Na mpira wa bomba la mkono uwe na valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi. Hii watu wanaidharau. Mtu ameacha kichwa kimezama kwenye sinki lililojaa, mtaani maji yakakatika, bomba linageuka mrija na kunyonya maji ya sabuni kurudi kwenye njia ya maji ya kunywa. Nyumba ambayo bafu linalishwa na tangi pekee hatari ni ndogo, lakini nyingi zimeunganishwa huku na huku na mwenye nyumba hajui.

Upepo wa bahari Shangani unakula vifaa. Ishike koki mkononi: ile ya shaba ni nzito, ile nyepesi iliyopakwa kung'aa itaanza kutoa vidonda vyeupe baada ya muda mfupi. Kichwa cha plastiki, kwa maoni yangu, kinaishi muda mrefu huku kuliko cha chuma chepesi. Maji yakiwa na chokaa matundu yataziba. Kichwa kilaze kwenye siki usiku mmoja, kisha kisugue.

Hita sikushauri kwa sasa. Kusi ikivuma Juni na Julai maji ya asubuhi yanauma kidogo, miezi mingine bomba lililopigwa na jua linatosha. Lakini kwa kuwa ukuta uko wazi, pitisha bomba la maji ya moto sasa hivi na ulizibe ncha, gharama yake ni ndogo. Ukija kutaka ile hita inayofungwa kwenye kichwa cha mvua, jua mambo haya: ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24 hivi, kwa hiyo inataka waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka meni swichi, siyo kuunganishwa kwenye waya wa soketi wa 2.5. Inataka ethi inayofanya kazi na kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme ukivuja. Inataka pia msukumo wa kuiwasha, ambao mnara wako wa sasa hauna. Kama maji yenu yana chumvi, zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, uliza hizo. Unasimama ndani ya chuma ukiwa umelowa, na sinki hilo nalo lazima lifungwe waya wa ethi. Kazi hii apewe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na siyo fundi bomba aliyesema anajua kidogo.

Pazia au kioo? Pazia. Kioo kinapendeza kwenye picha, ila bawaba zake hapa zinapata kutu na sinki la zamani lenye mdomo wa mviringo halina mahali pa kukikalisha. Fimbo ya stenlesi yenye kona, pazia mbili ukitaka, na ncha ya chini iingie ndani ya sinki wakati wa kuoga. Kichwa cha mvua kikae kwenye ukuta wa ncha, juu ya kizibo, maji yarushwe kuelekea urefu wa sinki. Hapo pia ndipo chini pana ubapa wa kusimama, upande wa pili umeinama kwa ajili ya mgongo. Maji kidogo yatatoka nje tu, kwa hiyo hakikisha sakafu ya bafu ina mteremko kuelekea kwenye tundu lake.

Koki ya chini ya kujazia usiitoe. Maji ya mgao yakija, sinki hilo ndilo akiba yenu. Kulijaza ni lita 150 hivi, wakati kuoga dakika tano kwa bomba la mvua ni lita 40 au 50. Ila likiwa limejaa mlango wa bafu ufungwe kwa kitasa kama kuna mtoto mdogo.

Kuhusu wakati: kama unategemea pesa ya korosho, usianze Desemba mvua zikiwa zimeanza, lipu na dawa havitakauka. Nunua vifaa, weka, kazi ifanyike Mei au Juni. Mtakaa wiki moja na zaidi bila bafu hilo, kwa hiyo la uani la mama litangulie.

Na fungu la mwisho la fundi libaki mkononi mwako. Kazi ikiisha, funga pazia, fungua maji ya juu kwa dakika kumi, kisha nenda chumbani na upitishe kiganja kwenye ukuta ulio nyuma ya bomba. Rudia baada ya siku tatu za kuoga. Ukiwa mkavu, mlipe.